Mgawaji Hula Mwisho

Mwaka ule mto ulikauka hadi kokoto zikapasuka, na bonde zima likabaki na mti mmoja wenye matunda. Kila tawi liliiva kwa wakati wake. Mabivu yalikuwa mekundu, yakishibisha. Mabichi yalikuwa ya kijani, yakiua. Ganda lilikuwa gumu, halitoi harufu, na machoni pa wanyama wale nyekundu na kijani zilikuwa rangi moja, rangi ya majani makavu.

"Anayeona kuliko wote ndiye atakayegawa," alisema Simba. Yeye hakula matunda. Alipenda tu kuhukumu.

Sungura akajitokeza. "Mfalme, macho yangu yako kando ya kichwa. Naona mbele na nyuma bila kugeuza shingo. Fisi akininyemelea, namwona."

"Ni kweli, huniona," alisema Fisi kwa masikitiko.

Hoja hiyo ya kipuuzi ikatosha. Kuona pande zote kulihesabiwa kuwa kuona kila kitu, na Sungura akawa mgawaji.

Desturi ya bonde ilitaka mgawaji ale mwisho, kwa adabu. Sungura aliishika adabu hiyo kwa bidii ya kutia shaka. Kila asubuhi alisema, "Tawi hili limeiva," akampa mnyama mdogo aanze, kisha akajilaza kivulini akimtazama. Mlaji akianguka, tawi lile liliachwa, na Fisi akajitolea kushughulikia mazishi. Fisi alinenepa. Mlaji akiendelea kutafuna, Sungura alinyanyuka na kula kwa niaba ya wote.

Siku ya tano alianguka mke wa Digidigi.

"Pole, ndugu yangu," alisema Sungura. "Marehemu shemeji alikuwa na tumbo jepesi."

Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, na kesho yake zamu ya kuanza ilikuwa ya mtoto huyo.

Akamwendea Msengi, mrina asali, binadamu pekee aliyepita bonde lile. Wanyama walimcheka: jua likizama alijikwaa kwenye vichuguu, na cha kisogoni hakukiona hata kingemkanyaga.

"Wananicheka kwa haki," alisema Msengi. "Ila rangi huingia machoni mwangu kwa milango mitatu. Kwenu ni miwili, ndiyo maana nyekundu na kijani huwapitia pamoja."

"Nyekundu ikoje?"

"Siwezi kukueleza. Naweza kukuthibitishia."

Akachuma matunda ishirini, akayatenga mafungu mawili. Digidigi akamtaka ageuke, akayatia yale ya fungu moja alama ndogo ya kwato upande wa chini, akayachanganya. Msengi akayatenga tena vilevile. Digidigi akayachanganya mara ya pili, na ya tatu. Hakuna hata moja lililohama fungu.

Asubuhi Digidigi alikuja na Msengi, akayamwaga yote ishirini mbele ya baraza.

"Mfalme, leo mgawaji achague moja lililoiva, na aanze yeye."

"Adabu yangu hainiruhusu," alisema Sungura.

"Adabu ni mimi," alisema Simba. "Kula."

Sungura akatazama pande zote, kama alivyojisifu kwamba anaweza. Kila upande aliona mnyama amesimama. Akaokota tunda.

"Hilo ni la kijani," alisema Msengi. "Liache."

Sungura akalishika tunda bila kulila. Kulirudisha kungekuwa kukiri.

"Unanifundisha kuona, wewe? Kisogo chako hujapata kukiona tangu uzaliwe!"

Fisi akacheka kwa nguvu kuliko wote. Sungura akauma, akatafuna, akameza. Kabla kivuli cha mti hakijasogea hatua moja, akajikunja, akaanguka ubavu, macho yake bado yakitazama mbele na nyuma.

"Tumbo jepesi," alisema Fisi, akamshika mguu na kumburura kwenda kumzika.

Msengi akamchagulia Digidigi matunda mekundu. Digidigi akahesabu matatu, kama alivyozoea. Kisha akalirudisha moja, akaondoka na mwanawe.

Njia ya mwongo ni fupi.