Kadi ya Kabichi

Hapo zamani, na nikisema zamani namaanisha enzi zile bei ya mchele ilikuwa bado inatajika mbele ya wageni, aliishi mjini Moshi mama mmoja mpishi aitwaye Bi Nakiete. Alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, na wote nawapenda. Kwa hiyo msitegemee niwasaidie kuamua.

Mkubwa alikuwa Nambua. Miguu ya mama ilipoanza kuvimba, Nambua ndiye aliyeshika masufuria, akawa anapika kwenye harusi na misiba ya mtaa mzima. Nimekula pilau yake mara nyingi kuliko nilivyoalikwa. Wa kati alikuwa Mbazi, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mtu wa kuuliza maswali mpaka chai inapoa. Wa mwisho alikuwa Naelijwa, msusi mwenye saluni yake karibu na stendi, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Bi Nakiete alikuwa na pacha wake, Bi Namsifu, aliyeolewa Mwanza. Walikuwa hawajaonana miaka ishirini na moja. Kila Jumapili walipigiana simu, wakacheka mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa. Jumapili moja Bi Namsifu hakucheka.

"Dada, macho yananiaga," alisema. "Daktari anasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Nina miaka miwili ya kuona, labda na kidogo juu yake. Njoo nikuone."

Bi Nakiete aliweka simu mezani akalia. Basi la Mwanza ni safari ya kutwa nzima, na daktari wa miguu alishamkataza kukaa hivyo. Ilibaki ndege. Na kwa ile miguu hakuweza kwenda peke yake, lazima mtu amshike mkono. Kwa hiyo zilihitajika tiketi mbili, na nyumba ile haikuwa na hela ya hata moja.

Mwezi uleule dada mmoja wa benki alipita mtaani na kadi za mkopo. Alisema: unanunua kwa kadi, benki inalipa, mwisho wa mwezi unairudishia benki hela yake. Ukilipa zote kwa wakati, hakuna riba na unapata pointi. Ukichelewa, riba inakula na pointi za mwezi huo zinafutwa. Pointi zinaishi miaka miwili, na zikitosha unachagua zawadi: sufuria, simu, hata tiketi za ndege. Akapanga kadi tatu mezani. Ya bluu ilichorwa ndege, hiyo inatoa pointi nyingi kwa nauli na hoteli. Nyekundu ilichorwa gari, hiyo inatoa pointi nyingi kwa petroli. Ya kijani ilichorwa kabichi, hiyo inatoa pointi nyingi kwa vyakula na gesi ya kupikia.

Bi Nakiete akasema, "Mimi naitaka ya ndege." Nambua akasema, "Na mimi naitaka ya ndege." Naelijwa akasema, "Kuna mtu anayetaka kitu kingine hapa?"

Mbazi akasema, "Subirini kwanza."

Chai ikaanza kupoa. Mbazi alichukua lile debe ambalo Nambua alitupia risiti zake, akalimwaga mkekani, na kwa alasiri tatu mfululizo akawa anatenga marundo. Rundo la mchele, mafuta, nyama na gesi lilimfika magotini. Rundo la petroli lilikuwa na risiti moja, tena ya jenereta la kuazima. Rundo la ndege halikuwepo kabisa, akaweka kokoto mahali pake ili wote waone.

"Kadi ya ndege inawafaa wanaopanda ndege," alisema. "Sisi tunapika. Tukichukua ya bluu tutakaa nayo miaka kumi tukiitazama picha. Tuchukue inayotulipa kwa vitu ambavyo tungenunua hata kama kadi isingekuwepo."

"Sasa mwanangu," Bi Nakiete akauliza, "kabichi itanifikishaje Mwanza?"

"Taratibu, mama."

Walimcheka wiki nzima. Lakini waliichukua ya kijani, na kwa kuwa leseni ya biashara ilikuwa ya mama, kadi ikachapishwa jina la mama. Ndani ya nyumba iliitwa kadi ya kabichi.

Mbazi alichagua. Haya, likumbukeni hilo.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Nambua. Duka la karibu halikuwa na mashine ya kadi, kwa hiyo alikuwa anapandisha mpaka duka la juu, jua liwake, mvua inyeshe. Alinunua mchele, akapata pointi. Alinunua mafuta, akapata pointi. Alibadilisha mtungi wa gesi, akapata pointi. Siku moja mwenye duka alimwambia, "Chukua na hii seti ya vyombo, pointi zako zijae mwezi huuhuu." Nambua akamjibu, "Nikinunua nisichohitaji ili nipewe zawadi, hiyo zawadi nitakuwa nimeinunua mwenyewe." Akabeba mchele wake akaondoka.

Kila mwezi aliilipa benki kabla ya kujinunulia hata kandambili. Mwezi mmoja familia iliyomwagiza chakula cha wageni mia tatu ikamzungusha, leo kesho, leo kesho, mpaka ikabaki siku moja ya kulipa. Nambua aliuza cherehani yake, ile aliyoachiwa na marehemu mume wake. Hakumwambia mtu. Naelijwa alijua tu alipoona ile pembe ya chumba haina kitu.

Nambua alizijaza pointi. Likumbukeni na hilo.

Miaka miwili ikakaribia kwisha. Ijumaa moja, baada ya kununua vitu vya shughuli kubwa, pointi zikatimia za tiketi mbili. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya pointi za mwanzo kuanza kufa. Ili kuchukua tiketi, sharti kadi yenyewe ipelekwe dirishani benki. Wakakubaliana waende Jumatatu. Nambua akampa mama kadi aitunze.

Bi Nakiete akaitunza pale alipotunza kadi zote: kwenye kopo la biskuti, pamoja na kadi za harusi.

Nadhani mmeshaanza kuguna. Gunieni ndani, bado nasema.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Bi Nakiete alishatoa mchango wake, alishaletewa kadi yake ya mwaliko, na mwaka ule wenye uwezo walikuwa wameingia fasheni ya kuchapisha kadi za plastiki ngumu zenye jina la mgeni. Bajaji ilikuwa inapiga honi nje. Miwani ilikuwa jikoni. Bi Nakiete akatia mkono kwenye kopo, akapapasa plastiki, akaona kitu cha kijani, na rangi ya harusi ile ilikuwa kijani. Akatia kwenye pochi.

Mlangoni mwa ukumbi mtu wa kamati alikuwa anapokea kadi huku anaongea na simu. "Mama, single au double?" akauliza, yaani kadi ya mtu mmoja au ya wawili.

"Niko peke yangu, baba."

Akaitumbukiza kwenye boksi. Bi Nakiete akaingia, akala, akacheza kidogo kwa mabega, akarudi nyumbani na furaha yake.

Jumatatu asubuhi Nambua alifungua kopo akakuta kadi ya mwaliko, nzima kabisa. Alikaa chini palepale sakafuni.

Mbazi akapiga simu benki. Wakamwambia wanaweza kuifunga kadi dakika hiyohiyo, na mpya ingetoka baada ya wiki tatu. Pointi zilikuwa na siku nane.

"Usiifunge, kaka," Naelijwa akasema. "Nipe mpaka kesho jioni."

"Akiiokota mtu akanunulia vitu, deni ni letu. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Nipe mpaka kesho jioni."

Akafunga saluni. Akaenda ukumbini, akaambiwa kadi zote zimechukuliwa na shangazi wa bwana harusi anayekaa Marangu. Akapanda Marangu. Shangazi alikuwa amelikalia gunia la kadi kama kuku aliyeatamia, kwa sababu alikuwa anazilinganisha na daftari la michango.

"Gunia hili simpi mtu," alisema. "Humu mna majina ya waliochanga na waliokula bure."

"Basi nichambue hapahapa mbele yako, shangazi."

Shangazi akamtazama vidole. "Wewe ni msusi. Nina wajukuu watatu, vichwa vyao vinaniaibisha."

Ikawa hivyo. Naelijwa alisuka kichwa, akachambua kadi. Akasuka kichwa, akachambua kadi. Akalala hukohuko, asubuhi akaendelea. Kadi zilikuwa mia nne na zaidi, zinanuka pilau. Saa sita mchana ya siku ya pili aliipata, imegandana na kadi ya mtu mwingine kwa krimu ya keki. Akailamba ikatoka. Mwenyewe ameniambia, simsingizii kitu hapo. Siku hiyohiyo bibi harusi aliyekuwa ameweka nafasi kwake alikuta saluni imefungwa, akaenda kwingine na wasimamizi wake sita, na hakurudi tena.

Naelijwa aliirudisha. Na hilo pia likumbukeni.

Wakaenda benki. Dada wa dirishani akawapa fomu yenye mistari miwili ya majina, akasema irudishwe kabla ya saa kumi alasiri siku ya pili yake, na jina likishaandikwa halibadilishwi. Mstari wa kwanza Bi Nakiete akaandika lake palepale. Wa pili ukabaki.

"Ni kadi ya double," Bi Nakiete akasema njiani, na kwa muda kidogo wote walicheka.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana walikaa sebuleni, na kila mtu akasema lake.

Mbazi akasema, "Mama, ningewafuata ninyi, leo tungekuwa na kadi ya bluu na pointi sifuri. Mlinicheka wiki nzima. Kama kabichi inapaa, ni mimi niliyeipa mabawa. Niandike mimi."

Nambua akasema, "Kaka yangu alifanya kazi ya siku tatu, mimi nimefanya ya miaka miwili. Kila pointi iliyomo mle nimeipandisha mlima kwa miguu yangu. Kadi nzuri ikikaa kwenye kopo haizai kitu. Na cherehani yangu mnajua ilikokwenda. Niandike mimi."

Naelijwa akasema, "Kuchagua kulikuwa kumeshapotea. Kujaza kulikuwa kumeshapotea. Vyote vilikuwa ndani ya gunia Marangu, na kaka alikuwa ameshika simu aifunge. Nimepoteza mteja, nimelamba krimu ya mtu nisiyemjua. Niandike mimi."

"Ungepata wewe bahati mbaya, tungelipa deni mpaka uzeeni," Mbazi akasema.

"Lakini sikupata."

"Na mama naye angevaa miwani," Nambua akasema taratibu, halafu akajuta, akamshika mama goti.

Hapo simu ikalia. Ni Bi Namsifu. Bi Nakiete akaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Dada, mnakuja wawili?"

"Tunakuja wawili."

"Vizuri. Wewe nitakuona hata nikifumba, uso wako ni wangu. Lakini hao watoto, tulipoonana mara ya mwisho msibani, niliwaacha wadogo, wamejificha nyuma ya vitenge, sura zao sizijui. Huyo utakayemleta nitamkalisha dirishani, nimtazame polepole mpaka nimkariri. Nguvu ya kukariri uso mmoja bado ninayo. Ni nani?"

 Bi Nakiete akasema, "Nitakuambia, mdogo wangu," akakata simu.

Baada ya hapo hakuna aliyepaza sauti. Lakini hakuna aliyesema amwachie mwenzake pia, na mimi siwalaumu. Ilikuwa safari ya ndege, sasa imekuwa kitu kingine.

Bi Nakiete akaenda jikoni akaileta miwani yake, akaivaa. Akamtazama Nambua. Akamtazama Mbazi. Akamtazama Naelijwa, ambaye alikuwa na doa la krimu kwenye kola mpaka siku ile. "Nawapenda," alisema, "na hii karatasi ina mstari mmoja."

Haya, sasa ni zamu yenu. Msiniambie mama aende peke yake, miguu mmeisikia. Msiniambie wapige kura, kila mmoja atajipigia. Na wewe ambaye tayari umesema Nambua kwa sababu ya cherehani, kumbuka kwamba kwa kadi ya bluu angeweza kuuza hata kitanda na asipate pointi za kufika popote. Na wewe wa Mbazi, hesabu zake zilikuwa zimelala mle guniani na kadi za waliokula bure. Na wewe wa Naelijwa, niambie angerudisha nini kama kadi ile ingekuwa tupu.

Ni saa tisa na nusu. Bajaji iko nje, inapiga honi. Kalamu iko juu ya mstari wa pili. Huko Mwanza, Bi Namsifu ameshasogeza kiti karibu na dirisha, pale penye mwanga.

Je, ni uso wa nani unaostahili kukaririwa?