Mhanga Aliyefundishwa Kushona

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma sogeeni, moto haubagui.

Hapo zamani za kale palikuwa na mhanga, yule mnyama mla mchwa, asiye na kazi. Alikuwa na makucha kama majembe, masikio kama ya punda, na aibu nyingi. Kila alipobisha hodi kuomba kazi, aliulizwa, "Una ujuzi?" Akijibu hana, mlango ulifungwa. Watu wakamwita mvivu.

Mwaka huo visima vya kijiji cha Kwamtole na kijiji jirani cha Mgazini vikakauka. Wazee wa vijiji vyote viwili wakakutana na wanyama wa porini, wakaunda ushirika wa kufunza ufundi. Mgazini wakatoa darasa, Kwamtole wakatoa mwalimu, pori likatoa wanafunzi. Korongo akawa mwenyekiti, kwa kuwa shingo yake ilionekana hata kwa waliochelewa.

Mwalimu aliyepatikana alikuwa mmoja tu, Bi Mize, fundi cherehani. Basi wote wakafundishwa kushona. Kiboko akashona, nyani akashona, mamba akashona huku analia. Watu wakavaa mashati matatu matatu, na maji hakuna.

Siku ya kwanza Mhanga alitoboa kitambaa. "Pole pole, mwanangu," akasema Bi Mize.

Siku ya pili alitoboa kitambaa na meza. "Pole pole, mwanangu."

Siku ya tatu alitoboa kitambaa, meza na sakafu, akazama mpaka kiunoni. Bi Mize akaweka sindano chini.

"Mwanangu, wewe unapenda kushona?"

"Hapana, mwalimu. Lakini nikiacha, wataniita mvivu tena."

Bi Mize akamtoa shimoni, wakaenda kwa Korongo.

"Mwenyekiti, tuliwauliza watu wanahitaji nini?"

"Tuliwauliza," akasema Korongo. "Waliomba maji."

"Nasi tukaandika nini?"

Korongo akafunua daftari. "Mashati ya bluu."

Bi Mize hakubishana naye. Alimpeleka Mhanga Mgazini kwa Fundi Makungu, mchimba visima aliyestaafu kwa maumivu ya mgongo.

"Shikamoo, fundi," akasema Mhanga.

"Marahaba. Nionyeshe mikono." Mzee akayatazama yale makucha kwa muda mrefu. "Na mimi nipo hapa tangu ukame uanze, hakuna aliyenialika."

Wakaanza kuchimba Kwamtole. Mzee alikaa juu akielekeza, Mhanga alikuwa chini, Kiboko alivuta kamba ya kupandishia udongo. Siku ya nne ukuta ukaporomoka, Mhanga akafukiwa mpaka shingoni. Kiboko akamvuta. Mhanga akataka kukimbilia porini.

"Kuchimba ulizaliwa nako," mzee akamwambia. "Kujenga ukuta kunafunzwa. Lete mawe."

Akaleta mawe, akafunzwa kuyapanga, akashuka tena. Siku ya tisa maji yakamfika magotini, akayasikiliza.

Kijiji kizima kikakusanyika. Korongo akamkabidhi Mhanga cheti cha ushonaji, maana vilivyochapwa vilikuwa hivyo tu. Mhanga akakipokea kwa mikono miwili, kikapasuka katikati. Bi Mize akacheka mpaka akakaa chini. Mhanga naye akacheka, akajifuta tope, akashika njia ya Mgazini, maana huko nako walikuwa wanamngoja fundi.

Nami hadithi yangu naitua hapo ilipoishia. Mwenye kiu na akanywe.