Mlango Usio na Shemeji

Hapo zamani, tena zamani ya juzi tu, vijana watatu wa bonde la nyanya walitaka kujenga chumba cha baridi. Nyanya za bonde lile huiva zote kwa mpigo, bei ikaanguka, zikaoza. Wazo walikuwa nalo, mtaji hawakuwa nao. Wakaamua kuuza tokeni, zile sarafu za kwenye simu. Lakini tokeni za aina gani?

Lwitiko akasema, "Tuuze za hisa. Anayenunua awe mwenzetu, tupate wote, tukose wote."

Tusekile akasema, "Za hisa zinataka kibali. Tutangoja mpaka tuote mvi. Tuuze za huduma: tokeni moja, nafasi ya kreti moja."

Gwamaka, fundi wa programu, akasema, "Za huduma, sawa. Ila yeyote aruhusiwe kuzinunua na kuziuza, la sivyo nani mjini atatupa pesa?"

Lwitiko aliona kwamba wenye pesa watazikusanya zote. Lakini alichoka kubishana, akatia sahihi.

Wakulima nao walikuwa na sharti. Mtunza ghala wa ushirika wao wa zamani alikuwa akitanguliza mizigo ya shemeji zake. Mama Atupele akasimama mkutanoni: "Safari hii ufunguo asishike mtu. Mtu ana shemeji!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakapitisha. Gwamaka akatengeneza mlango unaotii tokeni tu. Hata yeye hakuweza kuufungua.

Mama Atupele akanunua tokeni za kutosha shamba lake. Binti yake, Atupele, alikuwa na tundu moyoni, na nyanya zile zikingoja bei nzuri zingelipia upasuaji. Kabla ya mavuno, tokeni zikapanda bei. Mama akauza zake, akampeleka mtoto kwenye vipimo. "Nitanunua nyingine nikivuna," akasema.

Akavuna. Tokeni zote zilikuwa kwa watu wa mjini wasiolijua hata jani la nyanya, wanangoja zipande tena. Chumba kilikuwa kitupu, baridi tele, na makreti yamepangwa nje juani, yanachuruzika.

"Fungua, mwanangu," Mama akamwambia Gwamaka. "Si kitupu hicho?"

"Siwezi, mama. Mlitaka nisiweze."

Nyanya zikaoza. Atupele akafa kabla ya msimu mwingine.

Matangani Tusekile akasema, "Aina ya tokeni nilichagua mimi. Lakini bila hizo, chumba kisingejengwa."

Gwamaka akasema, "Soko nililifungua mimi. Mlango niliufunga kwa kura yenu."

Lwitiko akasema, "Mimi nilikataa."

"Ulikataa kwa mdomo," Tusekile akamjibu, "ukakubali kwa kalamu."

Mama Atupele akainua uso. "Ufunguo niliukataa mimi. Tokeni niliziuza mimi. Nyamazeni, mtoto ni wangu."

Chumba kile kinanguruma hadi leo, kitupu, na mimi kila nikipita hasira hunipanda, nisijue nimtupie nani. Basi nawatupia nyinyi mliokaa hapa. Je, kati ya hao wanne, nani alimchimbia Atupele kaburi?