Mwajabu Aliposimama Peke Yake

Mnanisumbua. Mtu hajamaliza kuchambua mchele mshamzunguka, hadithi, bibi, hadithi, kama vile hadithi inapikwa sufuria moja na wali. Na mnataka ya sungura. Sina ya sungura leo. Nina ya watu, na ikiisha nitawauliza swali. Atakayenijibu "wote" nitamtoa jikoni, maana hilo ni jibu la mvivu.

Hapo zamani, tena si zamani sana, watu walikuwa na simu mikononi na bado walikuwa waongo, palikuwa na mji wenye chuo kikuu mlimani na soko bondeni. Soko lilikuwa na choo kimoja. Mtendaji wa kata akakitia kufuli, akasema hicho ni cha watumishi wa ofisi. Watumishi wenyewe ni yeye na karani wake. Wanawake wa soko, wanaokaa vizimbani toka alfajiri, wakawa wanabana mpaka jioni, au wanakwenda vichakani huku wahuni wanawapigia miluzi. Wajawazito hivyo hivyo. Na yeye mtendaji alizaliwa na mwanamke.

Sokoni hapo alikuwako Mwajabu, mjane, muuza dagaa. Kizimba chake kilikuwa cha kwanza mlangoni, na kizimba cha mlangoni si mchezo, kila mnunuzi anaanzia hapo. Kilimlisha yeye na wanawe. Hakuwa na kingine.

Basi chuoni wakaanzisha somo la raia kushiriki mambo ya mji wake. Ndiyo, linasomwa, darasani, kwenye viti. Wakishalisoma wanapelekwa fildi wakalifanye kwa vitendo. Akaletwa sokoni binti mmoja, Edina, kitambulisho shingoni, mpole, anajua kuamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungu moja au mawili?"

"Sinunui, mama. Nimekuja kusikiliza kero zenu."

"Kaa basi. Ila usinizibie mbele, unanifukuzia wateja."

Akakaa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa. Mwajabu akampenda, tusifiche. Siku moja binti akamwambia, "Mama, kuna mkutano wa mtaa. Una haki ya kusimama ukauliza habari ya choo."

"Mimi?"

"Wewe. Sauti unayo."

"Ya kuitia wateja."

"Hiyo hiyo."

Wakafanya mazoezi nyuma ya vizimba. Wanawake wamekaa chini, ndio wananchi. Edina amekaa juu ya ndoo, ndiye mtendaji. Mwajabu anasimama, anauliza choo. Edina anatikisa kichwa taratibu kama walivyo walimu wake, anasema, "Asante mama kwa swali zuri, tutalifanyia kazi." Wanawake wanapiga makofi. Kila siku hivyo. Mtendaji wa ndoo hakumkaripia mtu, hakumkatiza mtu. Walimfundisha Mwajabu kuuliza. Kujibiwa hawakumfundisha, maana hata wao hawajawahi kujibiwa.

"Na nikijikuta peke yangu?" Mwajabu akauliza.

"Hutakuwa peke yako," Edina akasema. "Ukisimama, nitasimama."

Bi Semeni, muuza nyanya wa kizimba cha pili, naye akadakia, "Hata sisi, shoga. Soko zima tutasimama."

Siku ya mkutano ikafika. Akaja pia mwalimu wa Edina, Dokta Mbwilo, kumkagua mwanafunzi wake. Akakaa nyuma. Kabla watu hawajatulia akamwinamia Edina sikioni, "Mwanafunzi wa fildi huwaandaa raia, hasemi. Ukisimama, nakufelisha."

Mwajabu hakuyasikia hayo. Alikuwa anayarudia maneno yake kimoyomoyo. Akasimama. "Mheshimiwa mtendaji, choo kilijengwa kwa ajili ya soko. Kwa nini umekifunga?"

Mtendaji hakusema asante. Alisema, "Unaitwa nani?"

Akamtajia.

"Kizimba chako kipi?"

Hili halikuwamo kwenye mazoezi. "Cha kwanza, mlangoni."

"Na wenzako ni nani? Wasimame niwaone."

Mwajabu akageuka. Akamtazama Edina, na Edina akatazama viatu vyake. Akamtazama Semeni, na Semeni akawa anakaza kilemba ambacho hakikulegea. Akalitazama soko zima, na soko zima limekaa.

Kesho yake kizimba akapewa shemeji wa mtendaji.

Na choo? Kilifunguliwa. Mtendaji alimwona Dokta pale nyuma, akaogopa kusemwa kwa wakubwa, akatoa kufuli. Wanawake wakawa wanaingia na kutoka wamestarehe. Waliompita Mwajabu njiani walivuka upande wa pili wa barabara.

Wiki zikapita. Siku Edina aliposimama mbele ya darasa kueleza mafanikio ya fildi yake, Dokta anatabasamu kitini, mlango ukasukumwa. Mwajabu huyo, tenga la dagaa kichwani, mkono mmoja anamburuta Semeni. Akalitua tenga juu ya meza ya mwalimu. Wanafunzi wakaziba pua.

"Zibeni," akasema. "Nimekosa pa kuuzia, na nimesikia mafanikio yako huku."

"Mama, hapa ni darasani," Dokta akasema.

"Najua. Ndipo hasara yangu ilipoanzia. Sasa nataka mmoja wenu anilipe."

Dokta akavua miwani. "Mimi sikukuahidi kitu. Mwanafunzi akimsemea raia, raia atajifunza lini kusema? Na bila mimi kukaa pale, choo kingekuwa bado kimefungwa."

Semeni akasema, "Nina watoto, nina kizimba kimoja. Ningesimama wangefukuzwa wawili. Na wewe ungekuwa mimi ungekaa."

"Ningekaa," Mwajabu akasema. "Lakini nisingeahidi."

Edina akasema, machozi yanamlenga, "Niliogopa kufeli, mama. Baba aliuza shamba ili nisome."

"Haya. Nyote mna sababu. Mimi nina tenga."

Mwajabu akaendelea, "Dokta simjui. Semeni namjua tangu tumeolewa, ahadi yake niliikata nusu palepale alipoitoa. Lakini wewe, mwanangu, nilipogeuka nilikutazama wewe kwanza."

"Nifanye nini, mama?"

"Beba."

"Edina," Dokta akasema, "ukitoka na tenga hilo, somo hili umefeli."

Akajitwisha, akatoka.

Sasa msinitajie mtendaji, nawaona midomo inawawasha. Huyo alikuwa adui toka asubuhi na hakumdanganya mtu. Nauliza hawa waliojiita wenzake. Semeni yuko kizimbani mpaka leo, na akibanwa anakwenda chooni kwa raha zake. Dokta alipandishwa cheo, anaitwa mjini kwenye mikutano aeleze jinsi raia wanavyopewa sauti. Na Edina? Alitembeza dagaa mtaa kwa mtaa, mgambo wanamkimbiza, mbwa wanamfuata harufu, mauzo anampelekea Mwajabu kila jioni, mpaka mwanamke yule alipopata kizimba kingine. Kabla hakijapatikana, siku ya mahafali, wenzake walitoka getini na majoho, akina mama wanapiga vigelegele, na yeye yuko nje ya geti hilo hilo anapanga mafungu chini, baba yake amesimama pembeni anamwangalia.

Hicho ndicho alicholipa. Haya, acheni kuchezea mchele, nijibuni. Kuna aliyeahidi akaogopa, kuna aliyeahidi kwa mazoea ya mdomo, na kuna asiyeahidi kitu ila ndiye aliyemkalisha mwenzake. Mwajabu alimchagua wa kwanza. Je, nani alistahili kulibeba tenga lile?