Ngawa Aliyelamba Chokaa Tupu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Mmeshiba wali wangu halafu mnaitika kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Pakawa na jambo!

Jambo tamu au jambo chungu?

— Utakalopika, bibi, tutakula!

Haya, sogeeni. Na wewe unayechokoa moto, uache, haujakukosea kitu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuoana kwa posa, palikuwa na Ngawa. Mmewahi kumwona ngawa ninyi? Mnyama wa madoadoa, kama aliyemwagiwa masizi. Lakini yeye kila asubuhi alisimama mlangoni, akajinusa, akasema, "Mimi ni ngawa, mtoto wa ngawa, mjukuu wa ngawa. Ukoo wangu haujachanganyika na mtu." Kisha akajinusa tena. Ile zabadi yake, mafuta ya harufu kali yanayomtoka chini ya mkia! Mwenyewe aliiita manukato, majirani walifunga madirisha.

Ngawa alikuwa na mke, Bi Mize, na binti mmoja, Mwanakheri. Mwanakheri alimpenda Nguchiro, yule aliyeua nyoka wa kisimani siku ambayo wanaume wote wa mji, Ngawa akiwa mbele yao, walikuwa wamepanda juu ya mapaa. Nguchiro naye alimpenda Mwanakheri. Akatuma neno kwamba analeta posa.

Ngawa aliposikia alicheka mpaka masharubu yakamsimama. "Nguchiro? Kale kafupi? Mwanangu ataolewa na ngawa, la sivyo atazeekea jikoni kwangu akipuliza moto!"

Mwanakheri akalia. "Baba, huyo ngawa yuko wapi? Mji mzima ngawa ni sisi peke yetu."

"Atakuja."

"Atatoka wapi, baba?"

"Atakuja!"

"Na asipokuja?"

"Nimesema atakuja!"

Mnamsikia? Mtoto wa watu anaozea ndani, baba anamngojea mkwe ambaye hata mamaye hajazaliwa. Kuna watu Mungu aliwapa kichwa cha kuvalia kofia tu.

Sasa mila ya mji ule ilikuwa hivi. Posa haiji mikono mitupu, huja na sinia la tambuu. Mwenye nyumba, mume au mke, hutafuna mbele ya wageni, akatema mate mekundu, ndipo hutoa jibu. Kabla ya wekundu hakuna jibu, la ndiyo wala la hapana.

Ngawa akapanga ujanja wake. Akamwambia mkewe, "Leo nitawafundisha adabu. Katika sinia lile mna jani, mna popoo, ile kokwa ngumu, mna chokaa. Wekundu una mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja. Nitamtafuta, nitamla peke yake, na hao wawili nitawatupa uani. Wakishaona hivyo, nitawaambia: na Nguchiro ndivyo ninavyomtupa."

Bi Mize akaweka mwiko chini. "Baba Mwanakheri, tambuu hukunjwa pamoja. Tangu lini mtu akala chokaa kama uji?"

"Nyamaza! Wewe mambo yako kuchanganya tu. Kitu bora hakichanganywi."

"Kumbe! Na hiyo zabadi yako, isipotiwa kwenye udi na maua, nani angejipaka? Nzi?"

Ngawa akatoka kwa hasira, mkia juu.

Wageni wakafika. Mbele Nungunungu, ndiye mshenga, miiba ameichana vizuri. Nyuma Nguchiro, macho chini, kama inavyompasa mposaji. Wakapiga hodi, wakakaribishwa, sinia likawekwa mkekani. Mwanakheri alikuwa nyuma ya pazia, ametega sikio.

Ngawa akachukua jani. "Wewe jani la mtambuu, wekundu ni wako?"

Jani likasema, "Peke yangu sina, bwana. Nikutanishe na wenzangu."

"Mwongo!" Akalitafuna lote, na kikonyo chake. Likamwasha ulimi. Akatema, mate ya kijani, kidevu kijani, mbuzi mtupu.

Akachukua popoo. "Wewe popoo, wekundu ni wako?"

Popoo ikasema, "Peke yangu sina, bwana. Nikutanishe na wenzangu."

"Mwongo wewe!" Akaing'ata nzima nzima. Kach! Jino likalegea, kichwa kikamzunguka, akashika nguzo ya nyumba. Akatema, mate ya rangi ya maji ya matope.

"Baba Mwanakheri," Bi Mize akasema taratibu, "inatosha. Wageni wanaona."

"Na waone!" Akavuta kikopo. "Wewe chokaa, basi wekundu ni wako!"

Chokaa ikasema, "Peke yangu sina, bwana. Na mimi, tafadhali, usinilambe mtupu, nachoma."

Ngawa akacheka. "Anaficha! Wenye mali huwa hivyo." Akachota vidole viwili, vidole viwili kwa chokaa, enyi watu! Akavitia mdomoni mpaka kooni.

Lo! Lo! Lo! Ngawa aliruka akagonga boriti. Akazunguka mkeka. Akaugonga mlango akidhani umefunguliwa. Ulimi ukavimba, ukajaa mdomo mzima, na lile domo lililokuwa halifungwi mchana kutwa likabaki linatoa "mmh, mmh" tu.

Bi Mize akasogea mkekani. Akatwaa jani jingine, akalipaka chokaa kidogo kwa ncha ya kidole, akaweka kipande cha popoo, akakunja, akatafuna polepole. Akatema kwenye kopo la kutemea. Nyekundu! Nyekundu pyu, kama kanga ya bibi harusi.

Nungunungu akachungulia kopo, akaridhika. "Nyumba imetupokea. Bwana Ngawa, tumekuja kutaka udugu. Kama hutaki, sema hutaki."

"Mmh!" akasema Ngawa.

"Bwana Ngawa, kama hutaki, sema hutaki."

"Mmmh!" Akatikisa kichwa, akatikisa mikono, akatikisa na mkia.

"Kutikisa si kukataa," Nungunungu akasema. "Aliyechomwa na chokaa hutikisika. Posa hukataliwa kwa ulimi, na huulizwa mara tatu. Bwana Ngawa, kwa mara ya mwisho, kama hutaki, sema hutaki."

Ngawa akafungua mdomo. Yakatoka mate, povu, na machozi juu yake. Neno halikutoka.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema Nungunungu, na kule nyuma ya pazia kikapigwa kigelegele ambacho hakikungoja ruhusa ya mtu. Alikuwa Mwanakheri mwenyewe, aibu ameiweka kando.

Wakaoana. Wakazaa mtoto mwenye madoa ya mama na miguu mifupi ya baba, harufu yake nzuri, na nyoka akimwona anahama mtaa. Mji haukuwahi kuona mnyama wa namna ile.

Na Ngawa? Ulimi ulipopona alimpakata mjukuu, akazunguka naye mji mzima, nyumba kwa nyumba, akisema, "Mtazameni! Mnamwona? Ngawa huyu! Ngawa mtupu, hajachanganyika na mtu!"

Basi shikeni hili. Jani ni la kijani, popoo ni ya hudhurungi, chokaa ni nyeupe. Wekundu haukuwa wa yeyote kati yao, ulizaliwa walipokutana. Asiyetaka kukutana na wenzake mwacheni mlangoni ajinuse, ila mwondoleeni kikopo cha chokaa.

Ngano yangu nimeikunja, nimeitafuna, nimeitema. Iliyowakolea, imezeni. Na atakayesema nimetia chumvi nyingi, kesho nitampikia chumvi peke yake.