Mkono Uliopita Kikombe

Isome kwanza hadi mwisho, kisha mpelekee yule anayekuudhi kwa kukuambia "punguza".

Palikuwa na mfalme aliyependa kila kitu kiwe kikubwa. Waziri wake, Mzee Mbaruku, alikuwa na neno moja tu: "Punguza, Mfalme." Mfalme akachoka nalo, akamwondoa barazani. Baada ya hapo aliagiza barabara ipanuliwe, ikapanuliwa mpaka ikameza soko. Hakuna aliyethubutu kusema kitu.

Katika jumba la mfalme alikuwamo Chande, mpiga ngoma. Chande alipopiga, watoto waliacha kulia na wazee walisahau magoti yao. Lakini siku ya karamu ya wageni mikono ilimsaliti. Kirungu cha kupigia kilipaa, kikapita ngozi ya ngoma, kikagonga ukingo. Alipoinuka kuomba radhi aliyumba, akamwangukia mgeni wa heshima.

"Leo tembo la mnazi ndilo linalopiga ngoma!" mtu akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mfalme hakucheka. "Mfungeni. Kesho kutwa atoke katika nchi hii, asirudi."

Chande hakuwahi kuonja tembo maishani mwake. Mle kifungoni aliusikia wimbo wote kichwani, pigo kwa pigo. Alipoujaribu kwa vidole juu ya goti, vidole vilikwenda kwingine. Hilo lilimtisha kuliko kufukuzwa.

Siku ya kufukuzwa ikafika. Chande akaletwa mbele ya Mfalme, bado anayumba. Ndipo aliposimama Bi Mwanasha, tabibu wa jumba.

"Mfalme, huyu amefungwa tangu juzi. Ulevi gani huu usioisha?"

Akamgeukia Chande. "Nibane mkono, baba."

Chande akabana.

"Ih! Taratibu, utanivunja! Haya, sasa chukua kikombe hicho cha maji."

Chande akauagiza mkono. Ukaenda, na kadiri ulivyokaribia ndivyo ulivyozidi kutetemeka. Ukapita kikombe, ukarudi kwa pupa, ukakipindua.

"Nguvu anazo, na akili anazo," alisema Bi Mwanasha. Akampapasa kisogo, juu kidogo ya shingo, Chande akagutuka. "Ulianguka?"

"Niliteleza kisimani, mama, kabla ya karamu. Nikagonga hapo hapo."

Bi Mwanasha akaagiza kichwa cha mbuzi kutoka jikoni.

"Na supu yangu je?" mpishi akanung'unika.

"Supu yako itangoja."

Akakipasua. Nyuma kabisa, chini ya ubongo mkubwa, palikuwa na kidonge kilichokunjwa mikunjo membamba, kama kitambaa kilichofumbatwa kiganjani. Akakikata katikati. Ndani ulionekana mti mweupe, na shina lake, na matawi yake yote. Hata mpishi alisogea kutazama.

"Huu ndio ubongo mdogo," alisema, na sauti yake ikalainika kama ya mtu anayemsifu mwanawe. "Nasi tunao. Ubongo mkubwa huamuru, 'Chukua kikombe.' Nakala ya amri hiyo huja hapa. Mkono nao huleta habari, 'Nimefika hapa.' Huu mdogo hulinganisha, husahihisha, hata hujapepesa jicho. Usidharau udogo wake: kwa binadamu, chembe za neva zilizomo humu ni nyingi kuliko za ubongo wote uliobaki."

"Nao huamuru nini?" Mfalme akauliza.

"Hauanzishi amri, Mfalme. Chembe zake kubwa, zenye matawi kama ya mti huu, kazi yao ni kuzuia tu. Huzuia hapa, hulegeza pale, na mwendo ukapata umbo."

Mfalme akacheka. "Kazi yao kuzuia tu! Kama Mbaruku!"



Mfalme akakitazama kikombe kilichopinduka. Akaikumbuka barabara iliyomeza soko. "Mwiteni Mbaruku," akasema.

Mzee alipoingia, Mfalme alikuwa amekwisha simama, ameinua mkono hewani, machozi yanamlengalenga. "Chande, nimekudhulumu! Hufukuzwi tena. Kesho utapiga ngoma mbele ya nchi nzima, nami nitakupa jumba la ghorofa na ng'ombe mia!"

Watu wakashangilia. Chande akaitazama mikono yake. Kesho? Ataaibika mara ya pili, tena mbele ya nchi nzima. Lakini nani wa kumwambia Mfalme hapana?

Mzee Mbaruku akakohoa.

"Punguza, Mfalme."



"Mpe ng'ombe mmoja wa maziwa, na muda. Aanze na pigo moja. Akosee, arekebishe, arudie."

"Ndivyo ubongo mdogo unavyojifunza," alisema Bi Mwanasha.

Mfalme alikuwa bado ameinua mkono hewani. Taratibu akaushusha. "Na iwe hivyo. Nawe, Mbaruku, keti mahali pako."

Chande akaketi sakafuni. Akapiga pigo moja juu ya goti, likakosa. Akapunguza mwendo, akarudia, likakosa kidogo. Akarudia tena.

Likatua.

Funzo: Anayeamuru huonekana, anayerekebisha husahaulika, lakini asipokuwepo wa kukuambia "punguza", hata mkono wenye nguvu utapita kikombe, nawe utalala na kiu.