Upanga Uliozibwa Shingo

Nitoe, nisitoe?

Toa, mnasema. Basi natoa, na aliye mlangoni asogee ndani.

Zamani, zamani hizo, enzi za babu wa babu zangu, palikuwa na mhunzi mjini Siyu, jina lake Shekuwe bin Famau. Si Shekuwe wa Pate. Huyu ni wa Siyu. Siku moja akajiwa na mjane, Mwana Esha, amebeba upanga wa marehemu mumewe, Jamalul, baharia wa visiwa vya Sulu, mbali huko mashariki. Upanga umeliwa na kutu, bapa limepindapinda kama nyoka anayekwenda.

"Bwana Shekuwe, nisafishie, nimpe mwanangu."

"Huu ulifuliwa na mlevi?"

"Ndivyo ulivyo. Kwao huitwa kalis. Wewe toa kutu."

Akasugua kwa ndimu, akasugua, kutu ikatoka. Karibu na mpini akaona ufa, umekata bapa upande hadi upande. Akacheka. "Kumbe hawajui kuunga!" Akayeyusha shaba, akauziba, akapiga tupa mpaka usionekane.

Adhuhuri ya siku ile ile, wanangu, jua la utosi, Shufaa, bintiye fundi, alikuwa anakula. Tonge likamkwama. Akanywa maji, maji yakarudi. Akataka kuita "Baba", sauti haikutoka. Na kule karakanani upanga unakoroma. Unakoroma, unakoroma, kama mtu aliyekabwa.

Kulipokucha, Shufaa hawezi kumeza hata mate. Shekuwe akakimbia kwa mjane.

"Mwana Esha, mumeo alikuwa akiufanyaje upanga huu?"

"Akiupaka mafuta. Kwanza akikivua kile kipande cha shingoni, pale karibu na mpini, akakifuta, akakirudisha. Akisema ndipo unapopumulia."

"Kipande? Si ufa? Mbona hukuniambia!"

"Uliniuliza, fundi? Ulikuwa unacheka."

Wakarudi mbio. Shekuwe akautia motoni, shaba ikalia, ikadondoka, kipande kikaachana na bapa. Pumzi ndefu, ya baridi, ikapita mle ndani. Moto ukalala.

Chumbani Shufaa akasema, "Maji."

Sauti ilikuwa nene, ya mwanamume.

Mwana Esha akaitambua sauti ya mumewe, akashika ukuta. "Jamalul," akanong'ona. Akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, polepole. Maji yakapita. Shufaa akafuta mdomo.

"Baba," akasema kwa sauti yake ndogo, "yule mwanamume ameondoka?"

Basi, wanangu, ukiletewa kitu cha watu wengine, uliza kwanza walivyokiunda, ndipo ukitie mkono. Na usicheke.

Kisa kimefika, kimekaa. Atakayekisimulia asibadili majina.